Ulengaji wa visahani: Bunduki ndiyo iwe kitu cha mwisho kununua

MNAMO Julai 31, 2024, katika uwanja wa kulenga shabaha wa Châteauroux nchini Ufaransa, Adriana Ruano alivunja visahani 45 kati ya 50 na kuipa Guatemala dhahabu yake ya kwanza kabisa katika historia ya Michezo ya Olimpiki.

Ruano hakuanza spoti akiwa na bunduki mkononi. Alikuwa mwanajimnastiki hadi 2011, wakati jeraha la uti wa mgongo lilipomzimia ndoto hiyo. Ndipo akashauriwa kujaribu ulengaji shabaha, mchezo ambao haungeutesa mgongo wake.

Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, alimaliza mkiani. Miaka mitatu baadaye alikuwa bingwa.

Safari hiyo inadokeza jambo ambalo wengi hawalifahamu kuhusu mchezo huu unaoitwa trapu. Haudai kimo cha mchezaji wa mpira wa vikapu wala mapafu ya mkimbiaji wa marathoni. Unadai utaratibu, subira na kichwa kilichotulia.

Hata hivyo, wengi wanaotamani kuuingia huanzia pasipofaa. Huanza kwa kuuliza bei ya bunduki, ilhali bunduki ndiyo inayopasa kununuliwa mwisho, baada ya sheria kueleweka, usalama kuzoewa na mwili kupimwa. Anayegeuza mpangilio huo hupoteza fedha, na asipoangalia hupoteza zaidi ya fedha.

Asili ya mchezo

Jina trapu latokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mtego. Zamani nchini Uingereza, njiwa hai walifungiwa katika visanduku vidogo, kisha kamba ikavutwa, kifuniko kikafunguka na ndege akaruka huku mlengaji akimsubiri. Katika mashindano ya Paris ya 1900, njiwa hai walikuwa wangali wanapigwa risasi.

Baadaye walengaji walitafuta kitu mbadala. Walijaribu mipira ya kioo, lakini vipande vyake vilitapakaa viwanjani na kuwa hatari kwa watu na mifugo. Mnamo 1880, George Ligowsky wa mji wa Cincinnati, Marekani, alibuni kisahani cha udongo kinachoruka kikizunguka hewani. Hicho ndicho kilichougeuza mchezo.

Kisahani cha leo huitwa cha udongo kwa mazoea tu. Hutengenezwa kwa mchanganyiko wa lami na unga wa mawe ya chokaa. Kipenyo chake ni milimita 110 na uzani wake ni takriban gramu 105. Kina ugumu wa kutosha kustahimili kurushwa na mashine, na wepesi wa kutosha kuvunjika kikiguswa na chembe chache za risasi.

Uwanja na kanuni

Trapu ya Olimpiki ni mojawapo ya aina kadhaa za mchezo huu, nayo husimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Ulengaji Shabaha, ISSF, lililoasisiwa 1907. Zipo aina nyingine zinazotumia mashine moja tu ya kurushia, na vilabu vingi huzipenda kwa kuwa uwanja wake ni rahisi kujenga. Mwanagenzi akizijua kanuni za Olimpiki, nyingine hazimpi tabu.

Katika uwanja wa Olimpiki, mashine 15 hufichwa ndani ya handaki, zikiwa zimepangwa kwa makundi matano ya mashine tatu tatu. Mita 15 nyuma ya handaki hilo kuna vituo vitano vya kusimamia, kila kituo kikikabili kundi lake.

Kikosi huwa na walengaji sita. Watano husimama vituoni, wa sita husubiri nyuma ya kituo cha kwanza. Kila mmoja hulenga kisahani kimoja, kisha huhamia kituo kinachofuata upande wa kulia. Aliye katika kituo cha tano hurejea cha kwanza, na mzunguko huendelea hadi kila mmoja awe amerushiwa visahani 25. Hiyo ndiyo raundi moja.

Mlengaji anapokuwa tayari huita kwa sauti. Kipaza sauti kilicho mbele yake huinasa sauti hiyo na kisahani hutoka papo hapo. Hajui ni mashine ipi kati ya zile tatu itakayofyatuka. Kisahani kinaweza kwenda kushoto, kulia au katikati, pembe yake ikifika hadi digrii 45, na hurushwa kwa nguvu za kukifikisha umbali wa mita 76.

Bahati haipewi nafasi kubwa. Kati ya visahani 25, kila mlengaji hupewa 10 vya kushoto, 10 vya kulia na vitano vya katikati. Asichokijua ni mpangilio wake.

Katika hatua ya mchujo huruhusiwa kupiga risasi mbili kwa kila kisahani, na kukivunja kwa ya kwanza au ya pili ni sawa. Katika fainali huruhusiwa risasi moja tu. Mchujo una visahani 125 kwa wanaume na wanawake, kanuni inayotekelezwa sasa kwa usawa. Kabla ya hapo wanawake walilenga visahani 75.

Mwamuzi huhesabu kisahani iwapo angalau kipande kimoja kimeonekana kikimeguka. Kinachotoa vumbi tu na kuendelea na safari huhesabiwa kuwa kimekoswa. Kikitoka mashineni kikiwa kimevunjika, hakihesabiwi, na mlengaji hurushiwa kingine.

Sheria kwanza

Nchini Kenya, hakuna raia anayeruhusiwa kununua au kumiliki bunduki na risasi bila cheti. Suala hilo linatawaliwa na Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Silaha ndiyo inayopiga msasa waombaji. Bunduki ya michezo haina msamaha kwa sababu tu ni ya michezo.

Anayepewa cheti hubeba wajibu usio na likizo. Ni juu yake kuhakikisha bunduki na risasi zimefungiwa mahali ambapo mtoto, mgeni au mwizi hawezi kuzifikia. Cheti chenyewe kinaweza kuchunguzwa upya. Mnamo Desemba 2018 serikali iliagiza wamiliki wote wa silaha wapigwe msasa tena, na waliokuwa na vyeti vya miaka mingi walilazimika kujitokeza.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya mwanagenzi ni kutafuta klabu inayotambuliwa yenye uwanja ulioidhinishwa, na kuuliza maswali kabla ya kugusa chochote. Je, klabu ina mkufunzi? Anayejifunza hutumia bunduki ya nani, na kwa kibali gani? Nani husimamia wageni? Klabu inayojibu maswali hayo kwa uwazi ndiyo inayofaa. Inayokwepa kujibu, heri mtu aondoke.

Anayepanga kuazima bunduki ya jamaa yake na kwenda nayo shambani kujaribu bahati anacheza na moto. Huenda akavunja sheria kabla hajavunja kisahani hata kimoja.

Usalama si somo la siku moja

Bunduki ya marisau, yaani ile inayotoa chembe nyingi ndogo kwa mpigo mmoja, ni silaha kamili. Katika umbali wa hatua chache, chembe hizo huenda zikiwa zimeshikana na madhara yake huwa makubwa mno. Viwanja vya kulenga shabaha hubaki salama kwa sababu kila aliyepo hufuata kanuni zile zile bila kubagua mkongwe wala mgeni.

Kanuni ya kwanza ni kuichukulia kila bunduki kuwa ina risasi hadi ifunguliwe na kuonekana tupu. Ya pili ni kutouelekeza mdomo wa bunduki kwa mtu, hata kwa mzaha. Ya tatu ni kutokitia kidole kwenye kifyatulio kabla ya wakati wake.

Nje ya kituo, bunduki hubebwa ikiwa imefunguliwa ili yeyote aone kuwa ni tupu. Risasi huingizwa mlengaji akiwa tayari amesimama kituoni, mdomo ukielekea uwanjani. Kabla ya kugeuka au kuondoka, huifungua tena.

Kuna hatari mbili ambazo wanagenzi hawaambiwi mapema. Ya kwanza ni kuchanganya risasi za ukubwa tofauti. Bunduki nyingi za trapu ni za geji 12. Risasi ya geji 20 ni nyembamba kidogo, hivyo ikiingizwa humo huteleza na kukwama ndani ya mtutu. Mtu akidhani hakuweka kitu, akaingiza ya geji 12 na kufyatua, mtutu unaweza kupasuka mikononi mwake. Kwa hivyo, mifuko ya kizibao isichanganye kamwe risasi za aina mbili.

Hatari ya pili ni risasi inayotoa sauti hafifu isiyo ya kawaida. Sauti hiyo inaweza kuwa ishara kwamba kitu kimesalia ndani ya mtutu. Mlengaji anapaswa kusimama, kuuweka mdomo wa bunduki ukielekea uwanjani na kumwita mwamuzi au mkufunzi ili mtutu ukaguliwe. Risasi isipolipuka kabisa, hali ni hiyo hiyo: asiifungue bunduki kwa pupa, asigeuke nyuma, angoje maelekezo.

Aidha, mlio wa bunduki hupita desibeli 140, kiwango kinachoweza kudhuru masikio kwa mara moja tu. Vizuia sauti na miwani ya kinga si mapambo. Vipande vya visahani na chembe zinazorudi nyuma havichagui jicho.

Kwa kuwa chembe nyingi hutengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, mlengaji huosha mikono kabla ya kula au kumshika mtoto. Ni jambo dogo ambalo viwanja vyema hulitilia mkazo.

Jicho na kipimo cha bunduki

Kila mtu ana mkono anaoutumia zaidi. Vivyo hivyo, watu wengi wana jicho moja lenye nguvu kuliko jingine, na hilo ndilo linaloongoza mwili unapoelekeza kitu.

Kulitambua ni rahisi. Mtu hunyoosha mikono yote mbele, huunganisha viganja na kuacha tundu dogo katikati. Huku macho yote yakiwa wazi, hutazama kitu kilicho mbali kupitia tundu hilo, kisha hufumba jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona kitu hicho tunduni ndilo jicho kuu.

Anayetumia mkono wa kulia na ambaye jicho lake kuu ni la kulia hana shida. Tatizo humkumba yule ambaye mkono na jicho havikubaliani. Akilenga kwa bega la kulia huku jicho la kushoto likiongoza, chembe zitapita kando kila mara naye hatajua sababu. Wapo wanaohamishia bunduki bega la pili, na wapo wanaobandika kipande kidogo cha utepe kwenye kioo cha miwani ili kulififisha jicho linaloingilia. Anayeanza upya hufaidika kuhamia bega la pili mapema, kwa kuwa hana mazoea ya kuvunja.

Baada ya jicho huja kipimo. Bunduki ya marisau haina kifaa cha kulengea nyuma ya mtutu kama bunduki ya vita. Jicho la mlengaji ndilo kifaa hicho. Kitako kikiwa kirefu kuliko mkono wake, kirefu kuliko shingo yake au kikipinda vibaya, jicho hukaa mahali tofauti kila mara na shabaha hupotea.

Kitako chema hukaa begani bila kulazimishwa, shavu likalala juu yake, na jicho likatazama sawa juu ya mtutu. Kisipokaa vizuri, kishindo cha bunduki kurudi nyuma huumiza shavu na bega. Anayeumia huanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo huchukua miezi mingi kuondoka.

Hii ndiyo sababu kuu ya kutonunua bunduki mapema. Mwanagenzi hajajua umbo la mwili wake mbele ya bunduki. Mwenye miezi mitatu ya mafunzo husimama tofauti na alivyosimama siku ya kwanza, na bunduki iliyomfaa siku ile huenda isimfae tena. Wanawake na vijana huathirika zaidi, kwa kuwa bunduki nyingi zimetengenezwa kwa kipimo cha mwanamume mrefu wa wastani.

Walengaji wengi wa trapu hutumia bunduki yenye mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, yenye urefu wa kati ya sentimita 76 na 81. Uzito na urefu huo husaidia bunduki kusogea kwa utulivu.

Namna ya kulenga

Katika trapu mlengaji huruhusiwa kuiweka bunduki begani kabla ya kuita kisahani. Ni nafuu kubwa kwa anayejifunza, kwa maana hupata muda wa kujipanga.

Husimama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega au chini yake, uzito ukiegemea kidogo mguu wa mbele. Nguvu za kuzungusha bunduki hutoka kiunoni na magotini. Mikono ikifanya kazi hiyo peke yake, bunduki hutengana na shavu.

Macho yote mawili huwa wazi. Hayautazami mtutu. Hutazama mbele ya handaki, mahali ambapo kisahani kitaonekana kwa mara ya kwanza kikiwa na umbo kamili. Mtutu huonekana pembeni mwa macho kama kivuli.

Kisahani kikitoka, jicho hukikamata kwanza, kisha bunduki hulifuata jicho. Anayetangulia kusogeza bunduki kabla ya kuona hubahatisha. Mlengaji hodari hufyatua risasi ya kwanza chini ya sekunde moja tangu kisahani kitoke, lakini kasi hiyo huja yenyewe. Haitafutwi.

Hapa hesabu kidogo husaidia. Chembe huchukua takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde kufika umbali wa mita 33. Kisahani kinachokwenda kilomita 90 kwa saa husafiri mita 2.5 katika muda huo. Kwa hivyo, anayepiga pale kilipo hupiga pale kilipokuwa. Hata hivyo, kwa kuwa kisahani cha trapu hukimbia mbele zaidi ya kwenda upande, pengo analoliona mlengaji kati ya mtutu na kisahani huwa dogo kuliko hesabu hiyo. Bunduki inayoendelea kusogea ndiyo inayoliziba.

Kutoka hapo huzaliwa makosa matatu ambayo mkufunzi huyarudia hadi sauti ikauke. La kwanza ni kuinua kichwa kutoka kwenye kitako ili kuona kama kisahani kimevunjika. Kichwa kikiinuka, jicho huinuka, na chembe hupita juu. La pili ni kuisimamisha bunduki wakati wa kufyatua, na chembe hupita nyuma. La tatu ni kuukagua mtutu badala ya kukitazama kisahani. Anayejirekebisha katika hayo matatu amekwisha kuvuka nusu ya safari.

Gharama

Trapu si mchezo wa bei nafuu, na mwanagenzi anastahili kuambiwa ukweli huo mapema. Gharama kubwa si bunduki, ambayo hununuliwa mara moja. Ni visahani na risasi, ambazo humalizika kila wiki.

Raundi moja ina visahani 25 na yaweza kula risasi 50. Anayefanya raundi mbili kwa wiki hurushiwa visahani 200 katika wiki nne, na akitumia risasi mbili kila mara, risasi 400 humalizika. Ndiyo maana wakufunzi wengi humpa mwanagenzi risasi moja tu kwa kila kisahani. Anaokoa fedha, na anajifunza kuiheshimu risasi ya kwanza.

Kanuni za ISSF huruhusu risasi yenye gramu 24 za chembe, na chembe yenyewe isizidi kipenyo cha milimita 2.6. Risasi ya kawaida ya mashindano huwa na takriban chembe 300. Yenye gramu 24 au chini ya hapo humfaa pia anayeanza, kwa kuwa kishindo chake ni kidogo.

Kwa hivyo, mwenye bajeti finyu atafanya vyema kugawa fedha zake hivi: kwanza vifaa vya kinga ya macho na masikio, pili ada ya mkufunzi, tatu risasi na visahani, na mwisho kabisa bunduki, tena baada ya mkufunzi kumpima. Bunduki iliyotumika lakini imekaguliwa na fundi mwenye leseni huwa bora kuliko mpya isiyomkaa begani.

Miezi ya kwanza

Katika majuma ya mwanzo, kazi nyingi hufanyika bila risasi. Mwanagenzi hukaa nyuma ya walengaji wenye uzoefu na kufuata kila kisahani kwa kidole, akijifunza kukiona mapema. Zoezi hili halina gharama na hulifunza jicho kuliko inavyodhaniwa.

Kisha huja zoezi la kuiweka bunduki tupu begani mara kadhaa kwa siku, chini ya usimamizi, hadi kitako kiwe kinatua mahali pamoja. Kabla ya kuanza, bunduki hukaguliwa na watu wawili na risasi huwekwa mbali kabisa.

Anapoanza kufyatua, mkufunzi mzuri humrushia visahani vya moja kwa moja mbele, polepole. Akivunja vya kutosha, huongeza pembe kidogo kidogo. Raundi fupi yenye umakini huzidi raundi ndefu yenye uchovu, kwa sababu mwili uliochoka hujifunza makosa.

Daftari ni mwandani mwema. Ndani yake huandikwa idadi ya vilivyovunjwa na vilikoelekea vilivyokoswa. Baada ya wiki chache daftari hufichua kwamba mtu hakosi ovyo. Hukosa, mathalan, vya kushoto katika kituo cha tano. Hilo ni tatizo lenye jina, na lenye jina hutibika.

Siku ya mashindano

Si lazima mtu asubiri hadi avunje vyote 25 ndipo ashindane. Akimaliza raundi kwa usalama bila kukumbushwa, na akielewa amri za mwamuzi, yuko tayari kwa shindano la klabu.

Hufika mapema ili bunduki na risasi zake zikaguliwe. Hutazama kikosi kilichotangulia ili kujua mwanga na upepo. Kikosi chake kikiitwa, hukaa tayari na risasi za kutosha kizibaoni, kwani kuchelewesha wenzake ni utovu wa adabu.

Akiwa kituoni, hufuata utaratibu ule ule kila mara: kusimama, kuingiza risasi, kuvuta pumzi, kutuliza macho, kuita. Mwenzake anapolenga, yeye hatikisiki wala hasemi. Akipinga uamuzi, hufanya hivyo papo hapo kwa kuinua mkono, wala halalamiki baadaye kwenye chai.

Jambo moja huwashtua wengi. Dawa za kundi la beta-bloka, ambazo baadhi ya watu hupewa na madaktari kwa shinikizo la damu au maradhi ya moyo, zimepigwa marufuku katika ulengaji shabaha kwa kuwa hupunguza mtetemeko wa mikono. Marufuku hiyo hutumika mashindanoni na nje yake. Anayezitumia asiache dawa kiholela. Ajadiliane na daktari wake, na aulize chama chake kuhusu kibali cha kitabibu kabla ya kujisajili.

Kukosa na kuendelea

Katika Olimpiki ya Tokyo, Zuzana Rehák-Štefečeková wa Slovakia alivunja visahani vyote 125 vya mchujo kabla ya kutwaa dhahabu. Lakini bingwa mwenyewe hukosa: katika fainali alivunja 43 kati ya 50. Kila mlengaji hukosa, na anayemaliza juu ni yule ambaye kukosa kimoja hakumkoseshi cha pili.

Umri pia si kizuizi. David Kostelecký wa Jamhuri ya Czech, bingwa wa Olimpiki ya 2008, alitwaa fedha Tokyo akiwa na miaka 46. Wala udogo wa nchi si kisingizio. Katika michezo hiyo hiyo, Alessandra Perilli aliipa San Marino nishani yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwa kumaliza wa tatu katika trapu ya wanawake.

Barani Afrika, Gaby Ahrens wa Namibia alishiriki Olimpiki za 2008, 2012 na 2016, akabeba bendera ya nchi yake jijini London, na kutwaa shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Delhi ya 2010. Njia hiyo ya Jumuiya ya Madola imefungika kwa sasa, kwani ulengaji shabaha haukujumuishwa Birmingham 2022. Michuano ya bara na kombe la dunia imebaki kuwa ngazi kuu.

Hata hivyo, ngazi hiyo hupandwa kuanzia chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika trapu kuinama huko ni kukaa nyuma ya handaki bila bunduki, kunyoosha kidole na kufuata kisahani kinavyokata anga. Anayeweza kuvumilia majuma hayo bila kuona aibu ana mwanzo mwema kuliko aliyefika siku ya kwanza na bunduki mpya ing'aayo.